Gemu za PSP kwenye simu: mnachouziwa vibandani Migori na Homa Bay

Kuanzia Migori mjini, Awendo na Rongo hadi Homa Bay na Mbita, vibanda vya kuwekea watu filamu na nyimbo kwenye flashi vimeongeza biashara nyingine. Karatasi imebandikwa mlangoni: PES 2025 ipo, GTA V ipo, San Andreas ipo. Kijana anatoa simu, anaifungua kwa namba yake ya siri, anamkabidhi mwenye kibanda, na simu inapotelea nyuma ya kompyuta. Baada ya muda inarudi ikiwa na gemu ndani, kijana analipa, anaondoka akicheka. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa yake, picha za dada zake na nambari za jamaa wote.

Mlioko Mombasa msiseme haya ni ya huko bara. Wapwani tulioko huku si haba: walimu, madereva wa malori yanayovuka mpaka wa Isebania, wenye maduka ya vitambaa na vipuri, bila kuwataja Waislamu wa Kendu Bay na msikiti wao wa Tawakal, ambao ukiswali nao Ijumaa unaweza kusahau kwamba bahari iko mbali. Watoto wa nyumba hizi wote wanacheza gemu kwenye simu. Na ukienda Majengo, Kisauni au Malindi utaikuta karatasi ile ile mlangoni.

Ukilipa pale kibandani unauziwa vitu vitatu kwa pamoja bila kuelezwa. Kimoja ni cha bure. Cha pili mara nyingi hukihitaji. Cha tatu sicho kinachotajwa kwenye karatasi. Nitavieleza kimoja kimoja, kisha nionyeshe jinsi mtu anavyoweza kujiwekea mwenyewe nyumbani, simu ikiwa mkononi mwake muda wote.

Emuleta ni mkalimani

Mashine ya gemu ya zamani, iwe PlayStation ya kwanza ya mwaka 1994 au ile ndogo ya mkononi iitwayo PSP iliyotoka Japani Desemba 2004, ilikuwa na prosesa yake inayoelewa lugha yake. Gemu iliandikwa kwa lugha hiyo. Simu yako ina prosesa ya aina nyingine kabisa. Ukiichukua gemu ya PSP ukaiweka kwenye simu hivi hivi, simu itaitazama kama mtu wa Rusinga aliyepewa hotuba ya Kiarabu: maneno anayaona, maana haipati.

Emuleta ni programu inayokaa katikati na kufasiri. Gemu inasema "nichoree mchezaji hapa", emuleta inalipokea agizo hilo kwa lugha ya PSP na kulitoa kwa lugha ya simu. Tena inafanya hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde.

Kufasiri kuna gharama. PSP ilikuwa na prosesa ya megahezi 333 na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, kitu ambacho simu ya bei ya chini kabisa ya leo inakizidi mara nyingi. Hata hivyo simu hiyo inaweza kukwama, kwa sababu haifanyi kazi ya PSP peke yake, inafanya na ya ukalimani juu yake. Emuleta nzuri hupunguza mzigo kwa njia ya busara: kipande cha maagizo ikishakifasiri mara moja hukihifadhi, na kikirudi tena hakifasiriwi upya. Ni kama mkalimani wa msikitini aliyezoea dua za khutba. Akizisikia tu zinaanza, tafsiri iko tayari ulimini. Kwenye iPhone, Apple haziruhusu programu za kwenye duka lake kutumia njia hii, na ndiyo maana gemu nzito inaweza kwenda vizuri kwenye Android ya bei nafuu kuliko ulivyotarajia na ikachechemea kwenye iPhone ya bei kubwa. Masharti ya emuleta kwenye duka hilo Apple ililegeza Aprili 2024 tu.

Basi kitu cha kwanza unachouziwa ni hicho, emuleta. Kwa gemu za PSP inayotumiwa karibu na kila mtu inaitwa PPSSPP. Aliyeianzisha ni Henrik Rydgård, mtaalamu wa programu kutoka Uswidi, na toleo la kwanza lilitoka Novemba 2012. Ni ya bure. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Iko Play Store, na iko kwenye tovuti yake yenyewe, ppsspp.org.

Kuna toleo la pili lenye nembo ya rangi ya dhahabu, PPSSPP Gold, linalouzwa. Vijana wanaamini kwamba Gold ina kasi zaidi. Hasha. Kwenye simu linafanya kazi sawasawa na la bure. Ile pesa ni ya kumshukuru aliyelitengeneza. Hapa ndipo penye mtego. Kwa kuwa watu wanaitamani Gold, na hawataki kuilipia, mitandaoni kumejaa faili za "PPSSPP Gold bure", na faili hizo hupitishwa kwa WhatsApp, Telegram na Xender kutoka simu hadi simu. Hakuna ajuaye aliyeifungua akaongeza kitu ndani ni nani. Mtu anahatarisha simu yenye pesa zake ili apate rangi ya nembo.

Ruhusa ndizo za kutazama

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo hasara kubwa inapoweza kutokea.

Emuleta ya PSP inahitaji sehemu ya kuhifadhi faili, na mtandao ukitaka kucheza na mwenzako. Gemu chache mno hutumia maikrofoni. Haihitaji kusoma ujumbe wako mfupi. Haihitaji orodha ya majina kwenye simu. Haihitaji kupiga simu. Na kamwe haihitaji ile ruhusa iitwayo Accessibility, ambayo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu na ambayo programu ikiipata inaweza kusoma kila kinachoonekana kwenye skrini na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Fikiria kinachoonekana kwenye skrini unapotuma pesa.

Ikiwa "emuleta" uliyowekewa inaomba kimojawapo cha vitu hivyo, si emuleta. Ifute.

Ili mwenye kibanda aweke faili iliyotoka nje ya Play Store, lazima aiambie simu ikubali programu zisizojulikana. Mara nyingi hairudishi alipoikuta. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta maneno Install unknown apps, uone ni programu gani zimepewa ruhusa hiyo, uziondolee. Fanya hivyo leo kwenye simu ya mtoto wako. Angalia pia kama Play Protect imezimwa, kwani wengine huizima ili isilalamike wakati wa kuweka faili zao.

Sisemi kwamba wenye vibanda ni wezi. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki, na wenyewe faili wamezipata kwa mwingine. Tatizo ni hilo hasa: hata aliye mwaminifu hajui anachokuwekea.

Kitu cha pili: BIOS

Huenda umesikia gharama ikigawanywa: emuleta bei hii, BIOS bei hii. BIOS ni programu ndogo iliyokuwa ndani ya mashine yenyewe, ile inayoiamsha unapowasha. Kwa PlayStation ya kwanza ni faili ya kilobaiti 512 tu. Baadhi ya emuleta za PlayStation ya kwanza na ya pili haziwezi kuanza bila hiyo, na ni mali ya Sony, hivyo hakuna emuleta ya haki inayokuja nayo.

Kwa PSP huhitaji. PPSSPP imeandikwa ili ifanye yenyewe kazi ambayo ingefanywa na mfumo wa ndani wa PSP. Anayekutoza pesa za "BIOS ya PPSSPP" anakuuzia maji ya ziwa ukiwa umesimama ufukweni Homa Bay.

Nikiwa hapo, neno moja kuhusu PlayStation 2, kwa sababu kila kijana huiuliza. Ile ni mashine nzito zaidi kuifasiri, na simu nyingi za shilingi elfu kumi na tano haziiwezi, usidanganywe. Emuleta iliyosifika kwa kazi hiyo kwenye Android, AetherSX2, ilitoka Desemba 2021 na ikaachwa mwanzoni mwa 2023 baada ya mtengenezaji wake kuchoshwa na matusi na vitisho. Tangu hapo nakala za jina hilo zinazozunguka zimetoka mikono mingi. Mwenye simu ya kawaida afurahie PSP, PlayStation ya kwanza na zile za kaseti za akina Mario na Contra, zinazokwenda hata kwenye simu yenye ufa.

PES 2025 iliyotengenezwa 2013

Tufike kwenye kitu cha tatu, gemu yenyewe.

Konami waliacha kutengeneza PES kwa ajili ya PSP. Ya mwisho ilikuwa PES 2014. FIFA nayo kwenye PSP iliishia FIFA 14. Kampuni haijatoa mpira mpya kwa mashine hiyo tangu wakati huo, na PES yenyewe ilishabadilishwa jina ikaitwa eFootball. Sasa hiyo PES 2025 iliyoandikwa mlangoni ni nini?

Ni PES ya zamani iliyovalishwa nguo mpya. Wapenzi wa gemu, wengi wao wakiwa Indonesia, Brazil na kwingineko, huifungua ile faili wakabadilisha picha za jezi, majina ya wachezaji, nyuso, nembo za ligi, na wengine hubandika hata sauti ya Peter Drury akitangaza. Ni kazi ya ustadi na mimi naistahi. Mwenye subira anaweza kuingiza humo jezi ya Bandari au ya Gor Mahia, klabu iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko huko Ndhiwa katika kaunti ya Homa Bay, ambayo kampuni za nje hazijawahi kuiona. Lakini mbio za wachezaji, jinsi mpira unavyodunda, ujanja wa kipa, vyote ni vya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ukiilipia kila Agosti kama toleo jipya, umenunua kanzu ile ile iliyobadilishwa vifungo.

GTA ni mbaya zaidi, maana pale hakuna hata kanzu. Zilizotoka kwa PSP ni tatu: Liberty City Stories ya 2005, Vice City Stories ya 2006 na Chinatown Wars ya 2009. GTA V haikuwahi kutoka kwa PSP. San Andreas haikuwahi kutoka kwa PSP pia. Faili ya "GTA V PPSSPP" yenye megabaiti mia tatu ama ni mojawapo ya hizo tatu iliyobandikwa picha ya mbele, ama ni faili iliyofungwa kwa neno la siri, na ili upewe neno hilo unapelekwa kwenye ukurasa wa kujaza fomu, kupakua programu nyingine au kutoa namba yako ya simu. Neno haliji. San Andreas halisi kwa simu ipo, inauzwa Play Store kama programu ya kawaida, haihitaji emuleta yoyote.

Tena wazazi wajue kwamba GTA ni gemu ya watu wazima, kwa maneno ya watengenezaji wake wenyewe. Si ya kumtuliza mtoto wa darasa la nne anayesubiri kwenda madrasa.

Sheria inasemaje

Watu huuliza kama haya yote ni halali, na jibu lina pande mbili. Emuleta yenyewe haina kosa. Sony waliwahi kuipeleka mahakamani kampuni ya Connectix iliyotengeneza emuleta ya PlayStation kwa kompyuta, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua upande wa Connectix. Kutengeneza mashine inayofanya kazi kama ya mwenzako, bila kumwibia msimbo wake, si wizi. Nintendo nao Machi 2024 walilipwa dola milioni 2.4 na watengenezaji wa emuleta ya Yuzu, lakini kesi ile ilihusu gemu zilizokuwa bado madukani na kufuli zilizokuwa zikivunjwa, na iliisha kwa mapatano.

Gemu ni habari nyingine. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu. Aliye na nakala halali anaweza kujiwekea nakala ya akiba. Kuuza nakala za kazi ya mtu mlangoni pako ni kosa, hata kama gemu hiyo ilishaondoka madukani na mwenyewe haiuzi tena. Binafsi naona sheria za dunia zimewaonea wapenzi wa gemu za kale, kwa sababu nyingi ya kazi hizo zingekuwa zimeshapotea kama watu wasingezinakili. Lakini maoni yangu hayatamtetea mtu mbele ya hakimu.

Njia safi zipo. Mwenye PSP yake ya zamani na diski zake anaweza kuzihamishia kwenye simu kupitia kompyuta. Diski za PlayStation ya kwanza husomwa na kisoma CD cha kawaida. Na ndani ya PPSSPP yenyewe kuna duka dogo la gemu za bure zilizotengenezwa na wapenzi wenyewe na kutolewa kwa ridhaa yao. Si nyingi, lakini zinatosha kujaribia kama simu yako inaiweza kazi kabla hujamaliza bando.

Jinsi ya kuiweka

Pakua PPSSPP kutoka Play Store ukihakikisha jina la mtengenezaji ni Henrik Rydgård. Programu ni ndogo, haitakumalizia bando. Mzigo uko kwenye gemu, maana diski ya PSP ilikuwa inabeba hadi gigabaiti 1.8.

Mara ya kwanza unapoifungua itakuuliza ihifadhi vitu vyake wapi. Usiharakishe kubonyeza. Ukichagua folda iliyo ndani ya programu yenyewe, siku utakapoifuta PPSSPP kila kitu kinafutika nayo: msimu mzima wa ligi, timu uliyoijenga, vyote. Unda folda mwenyewe kwenye hifadhi ya simu, uite PSP, uichague hiyo. Ukibadilisha simu unainakili folda hiyo tu kwenye simu mpya na kuendelea ulipoachia. Nimeona vijana wakikaribia kulia kwa sababu ya jambo hili kuliko kwa kufungwa na Simba.

Kisha unda folda nyingine ya gemu, kwa mfano kwenye kadi ya memori, na uweke humo faili zako. Faili ya PSP huishia kwa ISO, au CSO ambayo imebanwa ili ichukue nafasi ndogo. Ikiwa imekuja kama ZIP au 7z lazima ifunguliwe kwanza, na hapo utahitaji nafasi ya zote mbili kwa muda: ile iliyofungwa na ile iliyofunguliwa. Simu yenye nafasi ya gigabaiti moja iliyobaki haitafika. Rudi ndani ya PPSSPP, ielekeze kwenye folda hiyo, gemu zitajipanga na picha zake.

Ikianza kukwama, usiilaumu gemu. Ingia Settings, sehemu ya Graphics. Kitu cha kwanza ni ukubwa wa picha, Rendering resolution. PSP yenyewe ilikuwa na skrini ya nukta 480 kwa 272. Ukiweka mara moja ya hapo, simu inachora kama PSP. Ukiweka mara mbili inachora nukta mara nne zaidi, maana upana na urefu vyote vimeongezeka. Simu ya gigabaiti mbili za RAM iache kwenye mara moja. Cha pili ni Backend: ipo Vulkan na ipo OpenGL. Jaribu moja, ikisumbua hamia nyingine, hakuna kanuni, inategemea simu. Cha tatu, kama bado nzito, ni Frame skipping, weka 1. Usikimbilie ile ya Skip buffer effects kwa kuwa jamaa wa YouTube amesema. Inaongeza kasi lakini gemu nyingi zitakuonyesha skrini nyeusi au uwanja bila nyasi.

Kuhusu kuhifadhi, kuna njia mbili na watu huzichanganya. Moja ni ile ya gemu yenyewe, unapoingia kwenye menyu yake ukahifadhi kama kwenye PlayStation. Nyingine ni ya emuleta, Save state, inayopiga picha ya hali nzima mahali ulipo, hata katikati ya penalti. Hii ya pili ni tamu, na stima ikipotea usiku na betri iko asilimia tatu inakuokoa. Ila emuleta ikipata toleo jipya, picha hizo za zamani zinaweza kukataa kufunguka. Kwa hiyo kila ukimaliza kucheza, hifadhi pia kwa njia ya gemu.

Betri itaisha haraka na simu itapata moto. Punguza mwangaza, toa kava, na usicheze huku inachaji. Hili ni muhimu zaidi kwa mtu ambaye simu ndiyo duka lake.

Bila data, wawili wawili

Uzuri mkubwa wa emuleta kwa watu wa ziwani ni kwamba ikishawekwa haitaki intaneti. Mvuvi wa omena, ambao ndio dagaa wa huku, hufanya kazi usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na siku hizo kijana amekaa ufukweni hana la kufanya. Wa pwani mnaijua hali hiyo. Hapo ndipo vibanda vya PlayStation hujaa, na hapo ndipo mechi za kuwekeana pesa huanza, mia kwa mia, hadi mauzo ya wiki yanaisha. Kama kijana wangu atacheza, heri acheze kwa simu yake barazani bila dau.

Wenzi wawili wanaweza kucheza mechi moja kwa simu mbili, bila data hata kidogo. Mmoja awashe hotspoti, mwingine ajiunge nayo. Kila mmoja aingie kwenye PPSSPP, Settings, sehemu ya Networking, awashe mtandao, ajipe jina lake na ahakikishe anwani ya MAC aliyoiona pale si sawa na ya mwenzake. Mwenye hotspoti awashe pia seva ya ndani, imeandikwa Enable built-in PRO ad hoc server, na kwenye anwani ya seva aandike localhost. Mwenzake aandike anwani ya simu yenye hotspoti: ataipata kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu yake, akibonyeza jina la mtandao aliojiunga nao, palipoandikwa Gateway. Kwenye simu nyingi za zamani ni 192.168.43.1, lakini Android za karibuni huibadilisha, kwa hiyo tazameni kila mara. Kisha wote wafungue gemu, waingie kwenye menyu ya kucheza na mwenzako kwa Ad Hoc, mmoja aandae mechi na mwingine ajiunge.

Mkiona majina yenu yote mawili lakini mechi haianzi, angalieni kwanza kama toleo la PPSSPP ni moja. Kama ni moja, basi tatizo ni faili ya gemu: mmoja ana jezi za mwaka huu na mwenzake bado ana za mwaka jana. Mwenye faili ndogo ampe mwenzake nakala, mjaribu tena.